Mapacha Njiti Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili wa Kujipanga, Kuanzia Kliniki hadi Kutoka Wodini

Akina mama wengi ninaokutana nao hukwama sehemu mbili zilezile. Ya kwanza ni barabarani: dalili zimeanza juzi, familia inasubiri kupambazuke, na watoto wanazaliwa ndani ya gari kabla ya kufika mjini. Ya pili ni maziwa. Mama anaambiwa "pumzika kwanza, watoto wako kwenye mashine", siku ya tano anashika titi, halitoki kitu.

Mimi mwenyewe nilikosea ya kwanza. Nilikuwa wiki ya 31, tumbo likikaza na kuachia usiku kucha, nikajiambia mapacha ndivyo walivyo. Nimeandika mwongozo huu ili wewe usijiambie hivyo. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakufikisha kwake ukiwa umejiandaa.

## Andaa hivi kabla ya wiki ya 24

Wiki ya 24 inaonekana mapema mno, lakini zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na wengine mapema zaidi ya hapo.

- Kadi ya kliniki na majibu yote ya altrasaundi, ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji
- Khanga au vitenge 6, vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Vikuukuu ni bora, ni laini na vinafyonza
- Kofia 4 na soksi ndogo. Kofia ya dukani itammeza mtoto wa kilo moja na robo. Kata soksi safi ya mtu mzima sehemu ya kisigino, funga fundo juu, umepata kofia
- Magauni 2 au mashati yanayofunguka mbele
- Vikombe vidogo 4 vyenye mfuniko, vinavyovumilia maji ya moto
- Chupa ya chai, beseni, sabuni ya kipande
- Daftari, kalamu ya wino na plasta ya kuandikia majina
- Simu na pawabenki

Vitu ndiyo sehemu rahisi. Unahitaji pia watu: mmoja wa kulala nawe hospitali, mmoja wa kubaki na watoto wa nyumbani, wawili walio tayari kuchangia damu, na mwenye gari ambaye namba yake mume wako anaijua kwa kichwa.

Na fedha. Ukanda wetu pesa huja na mnada wa korosho, kuanzia Oktoba hivi. Mimba haifuati mnada. Kama wiki zako za hatari zinaangukia Machi au Aprili, tenga nauli na chakula cha wiki tatu wakati korosho bado ina pesa, na umpe mtu asiyeweza kukopwa na mashemeji.

## Hatua ya 1: Jua kama watoto wana kondo moja au mawili

Omba altrasaundi kabla ya wiki ya 14. Usiulize jinsia. Uliza hili tu: "Kondo la nyuma ni moja au mawili? Na kila mtoto ana mfuko wake wa maji?" Hakikisha jibu limeandikwa kwenye kadi.

Baada ya wiki ya 14 jibu hilo hupatikana kwa shida, na mpango wako wote unalitegemea. Mapacha wenye kondo mbili, kama hakuna tatizo, kwa kawaida huzalishwa kuelekea wiki ya 37 hadi 38. Wa kondo moja, mifuko miwili, ni wiki ya 36 hadi 37. Wa kondo moja na mfuko mmoja ni hatari zaidi, kwa sababu kamba za vitovu huweza kusokotana, nao huzalishwa kwa upasuaji wiki ya 32 hadi 34.

Wanaoshiriki kondo moja wana hatari nyingine. Mishipa iliyo ndani ya kondo inaweza kupeleka damu ya mmoja kwa mwenzake, mmoja akapungukiwa na maji, mwingine akazidiwa. Ndiyo maana wao hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16.

Angalizo: tumbo likikua ghafla ndani ya siku chache, likakaza na ukashindwa kupumua vizuri ukilala, usisubiri tarehe ya kliniki.

## Hatua ya 2: Kliniki za mapacha si za kawaida

Hapa nitapita haraka. Presha kila hudhurio, kwa sababu kifafa cha mimba hupata zaidi wenye mapacha. Muulize daktari mapema, kuelekea wiki ya 12, kama unahitaji aspirini ya dozi ndogo; usijinunulie mwenyewe. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku, maana watoto wawili wanakunywa kutoka kisima kimoja. Dozi za SP za malaria na chandarua usiviruke, hasa ukanda huu wa pwani.

Kuhusu chakula, huhitaji cha dukani. Dagaa, samaki, kisamvu, mbaazi, njugu mawe na korosho yenyewe vinatosha. Ming'oko ni tamu lakini ni wanga mtupu. Usishibie hiyo halafu ukasema umekula.

## Hatua ya 3: Hama kabla uchungu haujahama na wewe

Mtoto njiti husafiri salama zaidi akiwa tumboni kuliko akiwa amezaliwa. Tumboni ana joto, oksijeni na chakula. Akishazaliwa, kila kilomita anapoteza joto.

Chagua hospitali mapema. Upande wa Mtwara kuna Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini na Ndanda. Upande wa Lindi kuna Sokoine na Nyangao. Usichague kwa sifa. Nenda, au piga simu, uulize haya:

1. Kuna wodi ya njiti, na mashine ya kupuliza hewa puani kumsaidia mtoto kupumua?
2. Upasuaji unafanyika usiku na Jumapili?
3. Damu ya akiba ipo?
4. Mama akisharuhusiwa, anaruhusiwa kulala karibu na watoto?

Swali la nne wengi hulisahau, kisha wanajikuta wamepanga chumba mbali na kulipa bodaboda saa tisa usiku.

Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 200. Ukiwa Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale au vijiji vya ndani Kilwa, hesabu barabara ya wakati wa mvua, siyo ya kiangazi. Ushauri wangu: mwenye kondo moja, presha, au aliyewahi kuzaa njiti, ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo, kufikia wiki ya 28. Mwingine yeyote wa mapacha, wiki ya 32. Mama mkwe atasema unadeka. Mwache aseme.

Ukifaulu: unaweza kufika mlango wa hospitali ndani ya saa moja, mchana au usiku, mvua au jua.

## Hatua ya 4: Dalili za kuondoka saa hiyohiyo

- Tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, hata kama halikuumi sana
- Maji yanatoka, hata kidogo kidogo
- Damu yoyote
- Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au uso umevimba
- Watoto wamepunguza kucheza

Piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Sema mambo matatu tu: ulipo, una mapacha, una wiki ngapi. Mengine watauliza wenyewe.

Haraka yote hii ni ya nini? Ni kwa ajili ya sindano za kukomaza mapafu. Kama daktari anaona utazaa kabla ya wiki ya 34, atakupa deksamethasoni, kwa kawaida sindano 4, kila baada ya saa 12. Hesabu mwenyewe: kuikamilisha dozi kunachukua karibu siku mbili. Aliyefika uchungu ulipoanza kukaza anaweza kuipata yote. Aliyefika mtoto anachungulia haipati, na mtoto anaanza kupigania pumzi bila msaada huo. Ule usiku mmoja nilioupoteza mimi ulikuwa sindano mbili.

## Hatua ya 5: Saa sita za kwanza

Watoto watachukuliwa haraka. Usidhani wamekufa kwa sababu hukusikia kilio. Njiti wengi hulia kama paka mdogo, au hawalii kabisa. Mtume baba au msindikizaji awafuate, wewe baki uangaliwe. Kizazi kilichobeba wawili hutanuka sana na huchelewa kukaza, hivyo kuvuja damu ni hatari ya kweli. Ukihisi damu inalowanisha pedi moja baada ya nyingine, au kizunguzungu, piga kelele. Huu si wakati wa kuwa na adabu.

Baba ahakikishe kila mtoto ana utepe wenye jina la mama na neno "wa kwanza" au "wa pili". Sisi tulitumia kofia, nyekundu kwa Kulwa na kijani kwa Doto, na hata nesi wa zamu mpya hakuchanganya.

Halafu, kabla saa sita hazijapita, na ikiwezekana ndani ya saa moja, anza kukamua. Hata kama umepasuliwa. Msindikizaji anaweza kukushikia kikombe.

## Hatua ya 6: Maziwa

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hii ndiyo kazi ambayo hakuna daktari wala mashine itakufanyia.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 hadi 34 huwa hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Atalishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Maziwa yako humkinga na ugonjwa mbaya wa utumbo unaowapata njiti, na maziwa ya kopo hayana kinga hiyo. Titi nalo lina tabia moja: linatengeneza kadiri linavyotolewa. Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoamua utakuwa na kiasi gani miezi ijayo.

Ratiba. Mara 8 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9 alasiri, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6 usiku, saa 9 usiku. Ya saa 9 usiku ndiyo inayorukwa, na ndiyo usiyopaswa kuiruka, kwa sababu homoni ya kutengeneza maziwa hupanda usiku. Weka alamu mbili.

Namna ya kukamua:

1. Nawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Vua pete.
2. Bandika kitambaa cha vuguvugu kwenye titi dakika chache, kisha lisugue taratibu kwa mduara. Mtazame mtoto, au picha yake kwenye simu. Maziwa yanasikia.
3. Weka dole gumba juu na vidole viwili chini, mahali weusi unaozunguka chuchu unapoishia.
4. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Usiteleze vidole kwenye ngozi na usiminye chuchu yenyewe; utaumia bure na hakuna kitakachotoka.
5. Zungusha vidole pande zote. Dakika 3 hadi 5 titi hili, kisha lile, kisha rudia. Jumla kama dakika 20 hadi 30.

Siku ya kwanza utapata matone ya njano, mazito. Hiyo ni dang'a. Usimwage, na usimruhusu mtu amwage. Ikiwa haitoshi hata kufunika kitako cha kikombe, omba nesi akupe bomba la sindano lisilo na sindano ufyonze tone kwa tone. Mtoto wa gramu 1,200 anaweza kuanza na mililita chache tu kila mlo; kijiko cha chai kina mililita 5. Kwa hiyo "maziwa hayatoshi" ya siku ya kwanza mara nyingi si kweli.

Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 5. Kufikia siku ya 14, lenga jumla ya mililita 750 na kuendelea kwa siku. Watoto hawatamaliza zote hizo sasa, lakini watazidai wakifika kilo mbili mbili.

Kuhifadhi. Andika kwenye plasta jina, tarehe na saa. Mezani, mahali penye ubaridi, usizidishe saa 4. Kwa joto la Februari hapa kwetu, mpe nesi mara tu ukimaliza. Vikombe vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, kisha vimwagiwe maji yaliyotoka kuchemka kwenye chupa ya chai. Visikaushwe kwa khanga uliyojifunga.

Wakiongezeka uzito taratibu: muulize nesi kuhusu maziwa ya mwisho. Yale yanayotoka dakika chache za mwanzo ni mepesi, ya mwisho yana mafuta zaidi. Ukiwa na mengi, yatenganishe vikombe viwili, watoto wapewe ya mwisho.

Angalizo: titi likivimba sehemu moja, likawa jekundu na la moto, na una homa, usiache kukamua. Endelea, na umwone daktari siku hiyohiyo.

Ukifaulu: nesi akiita "Mama Mapacha, maziwa!" wewe tayari uko mlangoni na vikombe viwili.

## Hatua ya 7: Kifua chako ni mashine ya joto

Watu hucheka wakisikia mtoto wa Mtwara anasikia baridi. Njiti hana mafuta chini ya ngozi na ngozi yake inapitisha maji, hivyo anapoa hata wewe unapotokwa na jasho. Joto lake linatakiwa liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5. Feni ya dari humpoza kuliko unavyodhani.

Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, siku hizi haingoji mtoto "apate nguvu". Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Hata mwenye mpira wa pua anaweza kuwekwa. Nesi ndiye atakayepanga waya.

1. Vua nguo za juu. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu.
2. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, uso umegeuzwa upande, kidevu kisilalie kifua.
3. Funga khanga imkaze, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake.
4. Vaa shati juu. Kaa umeegemea, usilale chali kabisa.

Wawili wanakaa kifua kimoja, mmoja kila titi. Ukichoka, baba achukue mmoja. Bibi naye. Nimemwona mzee mmoja mvuvi, mikono imekakamaa kwa chumvi, amemfunga mjukuu kwa kitenge cha mkewe na hataki kumwachia mtu.

Ukifaulu: miguu yake ni ya moto kama tumbo lake, na wewe unasinzia.

## Hatua ya 8: Isome wodi, usiiogope

Mashine italia mara nyingi. Mtazame mtoto kwanza, namba baadaye: anapumua? midomo ni ya waridi? Mara nyingi ni waya umelegea miguuni. Kama ameacha kupumua, msugue mgongo au nyayo huku ukimwita nesi. Njiti husahau kupumua; kuna dawa ya hilo.

Kwa mtoto aliye kwenye oksijeni, kipimo cha oksijeni ya damu hukusudiwa kibaki kati ya asilimia 90 na 95. Usiongeze oksijeni ili mashine isome 100. Oksijeni ikizidi inaharibu macho ya njiti, na anaweza kuwa kipofu kwa wema wa ndugu.

Manjano ni kawaida kwao na tiba ni taa ya bluu. Jua la asubuhi halichukui nafasi yake.

Uzito utashuka wiki ya kwanza, hadi asilimia 10 au zaidi kidogo, kisha urudi kufikia wiki ya pili. Ujue hili kabla hawajaja mawifi na kunong'ona kwamba watoto wamebemendwa. Hakuna aliyebemenda mtu.

Daftari lako ligawe safu mbili, Kulwa na Doto. Kila siku andika uzito, mililita za maziwa, joto, na jibu la swali moja utakalomuuliza daktari asubuhi: "Leo tunasubiri nini kwa kila mmoja?" Ukiuliza "wanaendeleaje?" utajibiwa "vizuri".

Na kama vifaa au dawa vimekushinda kununua, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku hiyohiyo, kabla deni halijakua. Ukiwa mwajiriwa, likizo ya uzazi ya mapacha ni siku 100, si 84, na marekebisho ya sheria ya 2025 yanamtambua mama wa njiti; ofisa utumishi apelekewe barua ya daktari.

## Hatua ya 9: Wanapoachana

Mara nyingi mmoja hutangulia kuruhusiwa. Omba abaki nawe wodi ya kangaruu. Ukimpeleka kijijini, maziwa ya aliyebaki yatakauka kwa nauli.

Wakati mwingine mmoja hufariki. Hapo wazee huwa na haraka, wanataka azikwe kimyakimya ili mama "asishtuke". Ninapinga. Mama amwone, ambebe akitaka, ajue amezikwa wapi na kwa jina gani. Watu wasimwambie "bado una mmoja". Na mtu mmoja aliyetulia abaki wodini msiba ukiendelea, kwa sababu saa tatu zijazo yule mwingine anahitaji kula.

## Hatua ya 10: Kutoka

Msilazimishe. Mtoto yuko tayari akiwa anashika joto bila mashine, ananyonya au kunywa kwa kikombe milo yote, ameongezeka uzito siku tatu mfululizo, na amekaa siku kadhaa bila kusahau kupumua. Uzito wa kuruhusiwa utategemea wodi.

Kabla ya kubeba mkoba, uliza haya: matone ya madini ya chuma yanaanza lini? Chanjo zipi wamepata? Chanjo hufuata tarehe waliyozaliwa, ingawa ya kifua kikuu huweza kusubiri uzito. Macho yatapimwa wapi? Aliyezaliwa chini ya wiki ya 32 au chini ya gramu 1,500 anahitaji kipimo hicho wiki kama ya 4 baada ya kuzaliwa, na ikibidi msafiri, msafiri.

Nyumbani, kangaruu iendelee hadi watakapokuwa wanajinyofoa wenyewe. Wageni waone kwa mlangoni. Hakuna maji, uji, wala dawa ya chango. Kliniki ya uzito kila wiki hadi wafike kilo 2.5.

Rudi hospitali saa hiyohiyo mtoto akikataa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu zikizama, akiwa wa baridi au wa moto sana, viganja na nyayo zikiwa njano, au akipata degedege.

Wakikulinganishia na mtoto wa jirani aliyeanza kukaa, toa wiki. Waliozaliwa wiki ya 32 wametangulia kwa wiki 8. Wakiwa na miezi sita ya kalenda, wapime kama wa miezi minne. Fanya hesabu hiyo hadi miaka miwili.

Mkoba wa hospitali usiufungue mwezi wa kwanza. Toa nepi zinazohitajika, uache kadi, daftari na nauli humohumo, uutundike msumarini karibu na mlango.